Mwanamke Anayecheka Ukutani kwa Ndungu

Jumapili, 3 Machi 1985

Mume wangu. Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame. Mume wangu Lusweti amelala hapa ubavuni mwangu, mchana, baada ya kanisa, na kidole chake cha shahada kina doa jekundu lisilotoka. Siku ya arusi yetu kule Bungoma shangazi zangu waliliona alipokuwa akinivisha pete, wakadhani amejikata. Mimi nilijua ni rangi ya maandishi ya bucha, nikaona fahari.

Tulifika jana. Sasa mimi ni mke wa mtu, Mashimoni, Kibera, katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mafuta taa na mikebe ya rangi iliyopangwa hadi karibu na bati. Nguo zetu zote zinanuka tarapentini. Naipenda harufu hiyo, naandika ukweli.

Leo alinitembeza kama mwanamume wa kwetu anavyomtembeza bibi arusi kwenye shamba la baba yake. "Hii ni yangu," alisema, akinionyesha simba kwenye mlango wa bucha. "Na hii. Na ile pale." Vichwa vitatu vya kinyozi, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Cherehani yenye mabawa. Kuku mmoja mnene kwenye ukuta wa hoteli, ana macho ya huruma kama askofu! Nilicheka hadi nikashika mbavu. Shuleni, hadi kidato cha nne, sanaa ilikuwa chungu na ndizi mbili juu ya meza, basi. Sikujua kwamba unaweza kutembea mtaa mzima ukiuona mkono wa mtu mmoja kwenye kuta, na mtu huyo akawa ndiye uliyeolewa naye.

5 Machi

Joto. Mvua bado. Jirani yetu Nereah, anayeuza samaki, alinipigia kelele kupitia ukuta: "Bibi arusi! Jua limefika Kisumu na wewe bado uko kitandani?" Nilijificha chini ya blanketi kwa aibu na furaha.

Jumamosi, 9 Machi

Lusweti alifunga tai yake ya arusi akanipeleka mjini kwenye maonyesho ya picha. Jumba lina kuta nyeupe na sakafu inayong'aa kama maji, hata niliogopa kuikanyaga. Askari wa mlangoni alitutazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mnaenda wapi?"

"Kuona picha."

"Za nani?"

"Zote," Lusweti akasema.

Alituacha tupite, lakini alitufuata chumba kwa chumba. Mimi niliishika mikono yangu nyuma, nisije nikagusa kitu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya watu wekundu wenye shingo ndefu kama twiga. Nikamnong'oneza, "Inatangaza nini?"

"Haitangazi kitu."

"Sasa imechorewa nini?"

"Ikae hapo tu. Iangaliwe."

Nilifikiri ananitania. Tukaenda kwa nyingine, na nyingine, na kweli hakuna hata moja iliyouza sabuni wala nyama. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mzee anayechambua maharagwe. Hakuwa mrembo. Kila mkunjo wa uso wake ulichorwa, hata ule mdogo wa karibu na sikio, na nilipomtazama sana nikahisi yeye ndiye anayenitazama mimi. Nilitaka kumwamkia. Niliingiwa na woga ambao sijui jina lake, kama maji baridi nyuma ya shingo, na bado ninao hapa ninapoandika.

Lusweti alisimama pale hadi miguu ikaniuma. Tulipofika kituoni akasema, "Mimi nachora kuku ili watu wale kuku. Siku moja nitapata ukuta wa kuchora ninachotaka, na nitakuchora wewe."

Nitakuchora wewe! Kituoni, mbele ya watu wote!

14 Machi

Nilipika ugali ukaungua. Aliumaliza wote akasema moshi umeuongezea ladha. Nimeolewa na malaika.

Jumatatu, 18 Machi

Ukuta umepatikana! Ndungu, mwenye hoteli kule Kawangware, amejenga baraza mpya mbele, na amemwambia Lusweti achore anachotaka mradi watu wasimame. Lusweti ameniapisha nisikanyage huko mpaka amalize. Kaka yangu Nalianya anaishi Kawangware, lakini ni fundi wa mawe na sasa yuko kwenye jengo huko Thika, kwa hiyo hata yeye hawezi kunichungulilia. Lusweti anatoka asubuhi, anarudi na rangi ya kahawia kwenye nyusi. Simuulizi. Nafuta nyusi tu.

Jumamosi, 30 Machi

Alinifunga macho kwa leso yangu mwenyewe, akaniongoza kutoka kituoni, akanifungua.

"Ni wewe," alisema. "Ni wewe tukiwa tumezeeka pamoja. Nimekuongezea miaka. Lakini nimekuwekea mikunjo ya kucheka peke yake, kwa sababu sitakupa sababu ya mikunjo mingine."

Mwanamke wa ukutani ni mkubwa kuliko mlango. Kitambaa cha kijani kimeteleza kichwani na mvi zake zinaonekana. Ameinua kidevu, mdomo wazi, anacheka kwa meno yake yote, ya juu na ya chini, kama mtu aliyetaniwa na rafiki wa zamani. Kwenye benchi chini yake wanaume walikuwa wanakula ugali na matumbo. Mmoja aliyekuwa anaingia alimpungia mkono: "Cucu, habari?" Wakikuyu humwita bibi yao hivyo. Wenzake wakacheka, na Ndungu, mtu mnene mwenye aproni, akacheka kuliko wote.

Nilimkumbatia mume wangu nikasema ni nzuri. Ni nzuri kuliko yote tuliyoyaona mjini. Lakini yule si mimi. Yule ni Mayi. Ni mama yangu mzazi kama alivyo leo, kuanzia paji la uso hadi kidevu.

Naandika polepole ili nitulie. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawashikani mikono, hawali mahali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Siku ya arusi Mayi alikaa nyuma kabisa kanisani, amejitanda leso, na Lusweti akayakaza macho kwa mchungaji kama aliyeshonewa hapo. Hajawahi kuuona uso wa Mayi hata mara moja. Angekuwa ameuona, angejua anachochora na angeacha. Kwa sababu hajauona, ameuchora bila kukosea hata mstari mmoja.

Na sasa mama mkwe wake yuko barabarani, nywele wazi, mdomo wazi, wanaume wanatafuna chini ya kidevu chake. Mtu wa kwetu akipita atasema nini? Atasema kijana huyu alimchungulia mama mkwe mpaka akamkariri.

Sikumwambia. Alikuwa na furaha sana.

1 Aprili

Mvua imeanza, na ina hasira. Siku zangu za mwezi zimepita na sijaona kitu. Ningepaswa kurukaruka. Badala yake namkumbuka mwanamke mmoja wa kwetu ambaye mumewe alimkosea heshima mama mkwe. Watoto wake hawakukaa. Mimi nimesoma baiolojia, najua hakuna kitu kama hicho. Mikono yangu haijasoma. Kila mara inashika tumbo.

3 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anakunywa chai.

"Lusweti, yule wa ukutani si mimi."

"Ni wewe. Nimekuongezea tu..."

"Ni Mayi."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Kikombe kilimponyoka, chai ikamwagika kwenye suruali yake na hakujisogeza.

"Mimi sijawahi kumwona mama yako."

"Najua."

"Lenah, naapa. Hata siku ya mahari, alipopita mlangoni, niliangalia kizingiti."

"Najua, mpenzi. Lakini nani mwingine ataamini?"

Mvua ilipiga bati hata tukashindwa kusikizana. Ilipopungua akauliza taratibu, "Kwa hiyo ndivyo alivyo?" Halafu akajifunika macho kwa mikono miwili, kama aliyechungulia mara ya pili.

Sikumwambia habari ya tumbo. Nataka kumwambia siku ambayo tutafurahi wote wawili.

Jumapili, 7 Aprili, Pasaka

Nalianya amekuja kutoka Thika moja kwa moja hadi hapa, hata nyumbani kwake hajafika. Mayi anakuja Nairobi. Ule ugonjwa wa mtoto wa jicho uliomsumbua miaka yote hii, akawa anaona ukungu tu, utatolewa katika hospitali moja mjini. Atakaa kwa Nalianya, maana kwa mkwe hawezi kulala. Na kutoka kituoni kwenda kwa Nalianya unapita mbele ya baraza ya Ndungu.

"Mbona umenyamaza?" Nalianya aliniuliza. "Ndoa imekuchosha mapema hivi?"

Tangu baba afariki, yeye ndiye mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyepokea ng'ombe wa Lusweti, na ndiye aliyenitoa. Aliyenitoa anaweza kunirudisha. Nilimpa chai.

Jumatano, 10 Aprili

Lusweti alibeba ndoo ya chokaa hadi Kawangware akarudi nayo imejaa. Ndungu alimsimamia mbele ya ukuta na mwiko wa ugali mkononi.

"Unataka kufuta Cucu? Kijana, uko na wazimu? Hii wiki nimeuza chapati mpaka unga imeisha. Watu wa malori wanasimama kumsalimia!"

"Nitakuchorea simba."

"Simba iko kila mahali. Ukuta ni wangu, mama ni wangu. Ukimgusa naita polisi."

Kwa hiyo sasa Ndungu ni adui yetu. Nilimweleza Nereah yote, nikitumaini atanicheka. "Hata kwetu sisi Wajaluo mama mkwe si mchezo," alisema, akiendelea kupaa samaki. "Lakini hiyo ni rangi, dada. Rangi si mtu." Akafikiri kidogo. "Ila mimi usinipeleke kuiona."

Jumanne, 16 Aprili

Mayi amefika. Nalianya alikwenda hospitalini kupanga mambo, kwa hiyo mimi ndiye niliyempokea. Amekonda. Aliweka mkono begani mwangu tukaanza kutembea, na Lusweti akafuata upande wa pili wa barabara, mbali, kapu la Mayi kichwani. Alitaka kusaidia na haruhusiwi kukaribia.

Nilipanga tupite haraka. Tulipofika kwa Ndungu, mvua ikamwagika yote kwa pamoja, na Ndungu mwenyewe akatuvuta ndani ya baraza. "Ingia, mama, ingia! Utashikwa na baridi!"

Mayi alipapasa apate mahali pa kujishika. Kiganja chake kikatua ukutani, juu ya shavu lile lililochorwa.

"Ukuta huu ni laini," akasema. "Hapa ni wapi?"

"Ni hotelini tu, Mayi."

Mwanamume mmoja aliingia akikimbia mvua, akapunga mkono kama desturi yao. "Cucu, habari ya leo?"

"Nzuri, mwanangu," Mayi akajibu. "Na nyumbani kwako?"

Baraza nzima ikaacha kula. Yule mtu alimtazama Mayi, akautazama ukuta, akamrudia Mayi. Niliona wanavyogusana viwiko, mmoja baada ya mwingine, benchi zima. Niliweka kidole mdomoni. Nadhani nilikuwa nalia. Nikageuka nikamwona Ndungu, naye alikuwa ameona, na nikangoja apige kelele ya furaha, kwamba Cucu wake ni mtu halisi mwenye miguu na amekuja kula kwake.

Hakupiga kelele. Alitazama machozi yangu, akatazama ng'ambo ya barabara, ambako Lusweti alisimama katikati ya mvua ametugeuzia mgongo, kapu kichwani, maji yakimtiririka. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni. "Mmeacha kula kwa nini?" akawafokea wateja. "Chakula imekuwa mbaya? Kuleni!" Akamletea Mayi chai na hakutaka kitu.

"Watu wa Kawangware wana adabu," Mayi alisema mvua ilipopungua. "Wananisalimu kama wananijua."

17 Aprili

Nalianya ameona. Jana jioni wale wa benchi walimwambia kwamba mama yake yuko ukutani, akaenda. Leo asubuhi aliingia hapa bila kubisha.

"Ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

Akamgeukia Lusweti. "Wewe nilikupa dada yangu. Wewe ukampanga mama yangu barabarani kama tangazo la sabuni."

"Kaka, sikumwona. Nilimchora mke wangu."

"Mke wako ana mvi?"

"Nilimchora akiwa mzee. Nilitaka..."

"Ulitaka! Mimi nitawaambia hivyo wazee wa nyumbani? Kwamba ulitaka?" Alikuwa amelowa, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililoniogopesha kuliko kelele. "Sikieni. Mayi haoni, kwa hiyo bado hajaaibika. Akipata macho nitampeleka pale mimi mwenyewe, mchana, asije akasikia kwa watu wa barabarani. Akiaibika, Lenah anapanda basi pamoja naye, na ng'ombe zako utazifuata."

"Nina mtoto tumboni," nikasema.

Ndivyo Lusweti alivyosikia. Si hivyo nilivyotaka. Nilikuwa nimepanga nipike kuku, nivae lile gauni la maua. Aliketi juu ya mkebe wa rangi akanitazama, na uso wake ukafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

Nalianya aliinamisha kichwa. "Basi hiyo ni sababu zaidi," alisema. "Sitaki mtoto wa dada yangu azaliwe juu ya kosa." Akatoka. Nilikuwa nimemchukia hadi hapo. Lakini niliona amekuja na viatu visivyolingana, kimoja cha kazi na kimoja cha kanisa, nikajua na yeye anaogopa.

18 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua. Lusweti alichora simba kwenye bucha ya Soweto, hapa hapa Kibera. Mwenye bucha analalamika kwamba simba ana wasiwasi.

Alhamisi, 25 Aprili

Jana Mayi alipasuliwa jicho la kulia, na daktari anasema limekwenda vizuri. Leo nilikaa naye wodini. Kitambaa kimemfunika nusu ya uso na mdomo haukufunikwa, kwa hiyo aliongea kutwa. Alinisimulia habari za Kukhu Nasipwondi, mama yake, yaani bibi yangu, ambaye nimepewa jina lake na ambaye sikumkuta. Alimwigiza anavyopiga mluzi kila akitaja neno lenye "s", kwa sababu meno mawili ya chini yaling'olewa alipokuwa msichana, kama wenzake wote wa zamani zile. Alisimulia jinsi Kukhu alivyowaita waume wa wajukuu zake "mume wangu" na kuwaibia tumbaku mfukoni. Mjukuu na kukhu hawana heshima ya kukimbiana, wao ni utani mtupu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mimi nilicheka nikiwa nimeshika tumbo.

Lusweti alingoja nje ya lango kutwa nzima. Mayi hakumtaja. Ila nilipoondoka alinipa nusu ya mkate wake: "Mpe yule anayelowa."

Jumamosi, 4 Mei

Alikuja mwanamke wa lile jumba la maonyesho mjini, anaitwa Bi. Nduku. Alisikia habari za ukuta, akafika Kawangware, akapiga picha kwa kamera, kisha akamtafuta Lusweti hadi Mashimoni na viatu vya ngozi kwenye matope yetu. Anataka Lusweti amchore mwanamke yule yule juu ya mbao, awekwe kwenye kuta zile nyeupe, mahali alipokaa yule wa maharagwe.

Wiki chache zilizopita ningepiga vigelegele hadi Nereah aje na fimbo.

"Niambie unafikiri nini," Bi. Nduku alisema.

"Ngoja kwanza nijue kama bado nina mke," Lusweti akajibu.

Bi. Nduku alidhani ni mzaha.

11 Mei

Naamka namtazama Lusweti akiwa amelala. Namtazama kama yule mzee wa maharagwe, mkunjo kwa mkunjo, nisije nikahitaji kumkumbuka.

Jumatano, 15 Mei

Mayi amepewa miwani. Ni minene kama kitako cha chupa ya soda, na nyuma yake jicho lake limekuwa kubwa kama la ng'ombe. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mimi. "Una mimba," alisema, kabla ya salamu.

Kisha akamwomba muuguzi kioo. Sikuweza kumzuia. Alijitazama muda mrefu, akivuta ngozi ya shavu, akifungua mdomo kuhesabu meno, akiinua kitambaa kuona mvi. Tangu macho yaharibike alikuwa hajajiona.

"Kumbe nimekuwa hivi," akasema.

Nilitoka nje. Nilikuwa nimejiwekea tumaini moja dogo, kwamba hatautambua uso wake mwenyewe. Sasa ameujua.

Jumamosi, 18 Mei

Ilikuwa leo.

Nalianya alivaa koti lake la kanisa. Mvua ilikuwa imepumzika na mwanga ulikuwa mweupe, mkali, usiosamehe kitu. Lusweti alifika kabla yetu. Alisimama mwisho wa baraza, uso kuelekea barabarani, mgongo kwa Mayi, kama inavyotakiwa. Kulikuwa na baridi lakini shingo yake ilikuwa na jasho.

Ndungu alizima redio. Watu wakashusha vijiko. Hakuna aliyemwambia Cucu habari.

"Mayi," Nalianya alisema, "kuna kitu nataka ukione kwa macho yako, usije ukaambiwa. Ni mume wa Lenah aliyekichora. Utasema wewe." Akamgeuza, taratibu, kwa mabega.

Mayi alitazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa. Alisogea karibu. Alitazama mvi. Alitazama mikunjo, mmoja mmoja, akifuata kwa kidole bila kugusa. Akafika mdomoni, na hapo akakaa. Sijui alikaa muda gani. Nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza.

"Mama," akasema.

"Unasemaje?" Nalianya akauliza.

"Huyu ni mama yangu. Nani amemleta hapa?"

"Mayi, angalia vizuri. Huyo si..."

"Nalianya, nimepasuliwa jicho, sikupasuliwa akili. Mama yangu nisimjue?"

"Lakini Kukhu si alikuwa..." Nalianya aliinua kidole, akagusa meno yake ya chini, akikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kwenye giza. Nikakumbuka ule mluzi wa Kukhu.

"Alikuwa nini? Sema. Siku tunamzika wewe ulikuwa unanyonya, tena ulikuwa unaniuma. Leo utanifundisha mama yangu?"

Benchi zima lilicheka, kicheko cha watu waliobana pumzi. Nalianya alishusha kidole. Aliutazama ukuta, akamtazama mama yake, na mabega yake yaliyokuwa juu tangu Aprili yakashuka. Nadhani alitaka iwe hivyo kuliko sisi wote.

Mayi alipaza sauti kuelekea barabarani, bila kumtazama mtu. "Mwambieni mume wa Nasipwondi kwamba kukhu ni wa kutaniwa. Amemtania, na mwenyewe amecheka. Hapo kosa liko wapi?"

Lusweti hakugeuka. Lakini niliuona mgongo wake ukisikia. Uliinama, ukabaki umeinama.

"Cucu, chai?" Ndungu aliuliza, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Leo sinywi, baba. Kuna mkwe hapa."

Nalianya alitangulia mbele akisalimiana na watu, ghafla ni rafiki wa kila mtu. Mayi alinishika kifundo cha mkono na kunirudisha nyuma kidogo.

"Mama hakuwa na yale meno mawili ya chini," alisema polepole.

"Najua, Mayi."

"Basi mwambie ayatoe. Leo, kabla kaka yako hajakumbuka." Tulitembea hatua chache kwenye matope. "Ana mkono mzuri, huyo. Usimwambie nimesema."

Jumapili, 19 Mei

Kazi ya meno ilifanyika jana ile ile. Lusweti alipanda juu ya benchi na brashi yake nyembamba kuliko zote na mkebe wa rangi nyeusi. Mimi nililishika benchi. Mkono wake ulikuwa mtulivu.

"Sasa unamng'oa Cucu meno kwa nini?" Ndungu alilalamika. "Amekosa nini?"

"Ni wa zamani," Lusweti akasema. "Wote walikuwa hivyo."

Jino moja. Kisha la pili. Aliposhuka, kicheko kilikuwa kingine. Kilikuwa na ujanja ndani yake, kama cha mtu ambaye sasa hivi ametia mkono kwenye mfuko wako wa tumbaku. Nilimtafuta Mayi kwenye uso ule nikamkosa. Alikuwa ameondoka kwa hiari yake, akatuachia ukuta. Nililia, na mume wangu akanishika mbele ya wote, akanipaka nyeusi shingoni, na sijaifuta.

Bado naogopa kidogo, kwa mazoea. Lakini tulikuwa tumesimama hapo, mimi chini ya yule mwanamke, mkono juu ya tumbo, wakati mtu mmoja alipopita na mkokoteni akainua mkono.

"Cucu, habari?"

Nilijibu kabla sijajua.

"Nzuri, mwanangu," nikasema. "Na nyumbani kwako?"